Usukani wa Mtoto

Mamlaka ni mzigo, na binadamu huanza kujifunza kuubeba angali mdogo. Kabla hajapewa amri juu ya mtu, mtoto hutafuta amri juu ya kitu: kishada angani, mashua ya kifuu dimbwini, gurudumu lisukumwalo kwa kijiti barabarani. Kitu kikimtii hufurahi, na kisipomtii hujifunza. Wakubwa huliita jambo hili mchezo, wala hawakosei. Ila husahau kwamba kila mchezo una mwenyewe. Habari hii ni ya baba mmoja aliyesahau hivyo kwa muda wa majuma sita, alipokuwa akichagua chombo cha kwanza cha dijitali cha kuongozea gari moshi dogo la binti yake.

Baba huyo alizaliwa Tanga, katika mtaa wa Ngamiani. Mwaka 1988, alipokuwa na umri wa miaka saba, kaka yake alimtengenezea gari la waya. Gari la namna hiyo halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyekulia Afrika Mashariki. Mwili wake ni waya uliokunjwa. Magurudumu yake hukatwa katika kandambili zilizochakaa. Na kutoka ekseli ya mbele hupanda waya mrefu hadi kifuani pa mtoto, ukaishia kwa duara. Duara hilo ndilo usukani. Mtoto hukimbia nyuma ya gari akilisukuma na kuligeuza, na kila kokoto linalogongwa na gurudumu hupeleka habari yake kiganjani. Mkono huamuru na mkono huo huo hupokea majibu. Gari la kaka lilikuwa na taa za visoda na tela la kopo, na hapakuwa na jingine mfano wake katika mtaa mzima.

Maisha yalimchukua mtoto huyo wa Ngamiani, yakampeleka Ujerumani, akaoa, akafanya makao yake katika mji wa Nürnberg. Mji huo una haki ya kujivunia reli. Tarehe 7 Desemba 1835 ilifunguliwa hapo reli ya kwanza ya Ujerumani ya kuchukua abiria kwa gari moshi, mwendo wa kilomita sita hivi kutoka Nürnberg hata Fürth, na kichwa cha kwanza kilichoikanyaga, kilichoitwa Adler, yaani Tai, kiliundwa katika kiwanda cha Robert Stephenson mjini Newcastle, Uingereza. Mji huo huo ni mji wa vitu vya kuchezea. Bing, Fleischmann, Trix na Arnold ni majina ya viwanda vilivyozaliwa hapo, na maonyesho makubwa ya biashara ya vitu hivyo yalianza hapo mwaka 1950. Basi haikuwa ajabu kwamba katika nyumba aliyopanga, jirani wa ghorofa ya chini, mzee aliyestaafu kazi, alikuwa na gari moshi dogo ndani ya makasha.

Katika majira ya baridi ya mwaka 2022 mzee huyo alijiandaa kuhamia katika makao ya wazee, ambako chumba kingekuwa kimoja na meza ingekuwa ndogo. Aliwaita watoto wawili wa jirani yake, binti wa miaka saba na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano, akawakabidhi makasha yote. Ndani mlikuwa na reli za kutosha kuizunguka meza ya chakula mara mbili, vichwa vitatu, mabehewa tisa, na transfoma moja ya kale yenye kifundo chekundu. Vyote vilikuwa vya kipimo cha H0, ambacho hufanya kila kitu kuwa kidogo mara 87 kuliko asili yake: behewa la mita 26 huwa na urefu wa sentimita 30, na reli mbili huachana kwa milimita 16.5 tu. Watoto walimwita mzee huyo babu, naye babu hakuwaachia sharti ila moja, kwamba vitu hivyo visilale kabatini.

Havikulala. Lakini kabla ya juma la kwanza kwisha, furaha iligeuka ugomvi, na sababu ya ugomvi haikuwa tabia ya watoto bali tabia ya umeme. Katika mtindo wa kale, transfoma hupeleka umeme katika reli, na chochote kilichosimama juu ya reli huupokea. Kifundo kikizungushwa kidogo, umeme huwa kidogo na kichwa hutambaa. Kikizungushwa sana, umeme hufika volti 12 na kichwa hukimbia. Pande za umeme zikibadilishwa, kichwa hurudi nyuma. Kwa kweli mtoto haongozi kichwa, anaongoza reli. Ukiweka vichwa viwili, vyote viwili huondoka pamoja, hukimbia pamoja na kusimama pamoja, kama ng'ombe waliofungwa nira moja. Binti alitaka gari lake la abiria lingoje stesheni wakati gari la mizigo la mdogo wake likipita. Halikuweza. Kila mmoja alimtuhumu mwenzake kuwa amegusa kifundo. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa manahodha walikuwa wawili, vyombo viwili, na usukani mmoja.

Ugomvi huo ni wa zamani kuliko watoto hao. Katika mji wao huo, mwaka 1935, kiwanda cha Trix kilitoa reli ya njia tatu za umeme. Ile ya katikati ilitumiwa na wote, na kila ya pembeni ililisha kichwa chake, hata watu wawili wakaweza kuendesha vichwa viwili katika reli moja bila ya mmoja kumwingilia mwenzake. Baadaye wengine walikata reli zao vipande vipande na kukipa kila kipande transfoma yake, wakazungukwa na swichi kuliko mtambo wa stesheni ya kweli. Ilikuwa njia ya kuhesabu waya, si ya kucheza. Mwaka 1985 kiwanda cha Märklin cha Göppingen kilianza kuuza mtindo wake wa dijitali, uliokuwa na nafasi ya vichwa 80. Haukupita muda mrefu kabla ya Lenz, kiwanda cha Giessen, kubuni mtindo mwingine, na katika miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa reli ndogo cha Marekani kiliufanya mtindo huo kuwa kanuni iliyo wazi, ambayo kiwanda chochote kinaweza kuifuata. Hiyo ndiyo kanuni iitwayo DCC.

Akili ya mtindo huu ni nyepesi kuliko jina lake. Reli hupewa umeme wote wakati wote, volti 14 hadi 16 hivi kwa kipimo cha H0, hata kama hakuna kinachokwenda. Ndani ya umeme huo huo husafiri maneno. Chombo cha kuongozea hugeuza pande za umeme upesi upesi, maelfu ya mara kwa sekunde. Mgeuko mfupi, ambao kila nusu yake ni sehemu 58 za sekunde iliyogawanywa mara milioni, husomeka kuwa moja. Mgeuko mrefu, wa sehemu 100 au zaidi, husomeka kuwa sifuri. Kwa moja na sifuri hizo chombo hutangaza anwani, kisha amri. Tumboni mwa kila kichwa mna kijidude kiitwacho dikoda, pengine kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, nacho kazi yake ni kusikiliza. Mfano wake ni mpiga mbiu apitaye mtaani akitaja jina la mtu: nyumba zote humsikia, lakini hutoka yule aliyetajwa tu. Dikoda isikiapo anwani yake huchukua umeme uliopo relini na kuupimia mota kama ilivyoamriwa. Isikiapo anwani ya mwingine hukaa kimya. Ndipo gari moja linapoweza kusimama stesheni na taa zake zinawaka, na jingine likapita.

Baba alipoyasoma hayo aliona kwamba ugomvi wa nyumba yake umepata dawa. Kumbe alikuwa ameikaribia homa. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, naye akaazimia kutafuta nyenzo iliyo bora kupita zote. Kila usiku watoto walipolala alikaa na karatasi za maelezo, akalinganisha hiki na kile. Aliona kwamba vyombo vya kuongozea ni vya namna nne. Viko vikubwa vya mezani, vyenye kioo cha rangi na vifundo viwili, vinavyoweza kukumbuka picha ya kila kichwa, kugeuza njia za reli, kuwasha ishara na kuzungumza na kompyuta. Viko visanduku vyeusi visivyo na kifundo chochote, ambavyo huongozwa kwa simu au kwa kibao cha kioo kupitia mtandao usio na waya. Viko vidogo vya mezani, vyenye kifundo kimoja na tarakimu chache. Na viko vya mkononi, vilivyofungwa kwa waya mithili ya ule wa simu za kale, ambavyo mtu hushika akatembea navyo pembeni mwa meza.

Alipenda kile kikubwa. Alikipenda kwa sababu nzuri kila moja peke yake. Kingetosha kwa miaka mingi. Kingeongoza vichwa ambavyo bado havijanunuliwa. Kingewafundisha watoto kompyuta. Bei yake ilikuwa sawa na mshahara wa majuma mawili, lakini alijiambia kwamba rahisi ni ghali. Akachora mpango wa stesheni yenye njia tano na daraja. Majuma sita yalipita namna hiyo, na katika majuma sita hayo reli zilikuwa zimeondolewa mezani ili zipimwe upya. Sharti la babu lilikuwa limevunjwa, wala hapana aliyeona.

Jumamosi moja alimchukua binti yake dukani. Muuzaji alikuwa mtu mwenye subira. Aliwasha chombo kikubwa, akaweka kichwa juu ya reli ya majaribio, akamkaribisha baba. Baba alizungusha, akabonyeza, akasikia honi, akawasha taa ya chumba cha dereva. Robo saa ikapita. Binti alisimama kando, mikono nyuma, kama wasimamavyo watoto katika nyumba za wageni ambamo wameonywa wasiguse kitu. Kisha muuzaji, bila ya kusema neno, alichukua chombo kidogo cha mkononi akampa. Mtoto alikishika kwa mkono mmoja. Kidole gumba kilifika kwenye kifundo bila ya kujinyoosha. Alizungusha kidogo, kichwa kikatambaa, akarudisha, kikasimama. Hakutazama chombo tena. Alikuwa akitazama gari moshi.

Njiani kurudi nyumbani, ndani ya basi, aliuliza, "Baba, ukishakinunua kile kikubwa, mimi nitaruhusiwa kukigusa?"

"Utakigusa, mwanangu, bila shaka," alijibu baba. "Tutakuwa pamoja."

"Haya," alisema mtoto, kwa sauti ya mtu aliyeazimia kutokuomba zaidi.

Jibu hilo dogo lilimrudisha baba Ngamiani. Gari lile la waya lilikuwa zuri mno, na uzuri wake ndio uliokuwa msiba wake. Kaka aliyelitengeneza hakuweza kulitazama likipata dhara. Mdogo akilisukuma hatua kumi, kaka alilitwaa ili anyooshe waya. Akilisukuma hatua ishirini, kaka alilitwaa ili amwonyeshe namna ya kukata kona. Siku za mvua lilitundikwa ukutani. Gari lilipokuja kuoza kwa kutu, mwenyewe alikuwa amelitazama mara nyingi kuliko alivyoliendesha, na usukani wake aliujua kwa macho kuliko kwa kiganja. Hakuwahi kumlaumu kaka yake, kwani alipenda kupendwa naye. Lakini katika basi lile, kwa mara ya kwanza, aliiona sura ya kaka huyo ikiwa katika uso wake mwenyewe. Alikuwa anamnunulia mtoto gari zuri la kutundika ukutani.

Usiku huo aliziacha karatasi zake akaandika maswali mengine. Maswali hayo yanastahili kutajwa, maana yanaweza kumfaa mzazi yeyote aliye katika njia panda kama hiyo.

Swali la kwanza lilihusu reli zilizokuwapo nyumbani. Reli za Märklin za kipimo hicho huleta umeme kwa vijiti vya katikati, na mtindo wao wa kale una lugha yake. Reli za babu zilikuwa za njia mbili za umeme, ambazo ndizo zinazofuata DCC kwa kawaida. Mtu anayenunua chombo kabla ya kutazama reli zake ni kama anayenunua tanga kabla ya kuujua mlingoti.

Swali la pili lilihusu mkono. Je, mtoto wa miaka saba anaweza kukishika, na je, anaweza kukiongoza bila ya kukitazama? Kioo cha simu ni laini kila mahali. Kidole hakijui kimefika wapi ila jicho likisaidia, na jicho linaloangalia kioo haliangalii gari moshi. Kifundo humwambia mtoto kwa kiganja kile ambacho waya wa gari la zamani ulikuwa ukisema. Tena kitufe cha kusimamisha kila kitu hakina budi kiwe kikubwa, mahali pamoja, kisichofichwa nyuma ya kurasa. Maana katika hatari mtoto hatafuti, hubonyeza.

Swali la tatu lilihusu kukua. Chombo cha kwanza si cha mwisho, lakini si lazima kiwe cha kutupwa. Kwa kuwa kanuni ni wazi, dikoda zinunuliwazo leo zitatii chombo kitakachonunuliwa kesho, ingawa kimetoka kiwanda kingine. Vilevile vyombo vya mkononi huunganishwa kwa lugha za waya zinazojulikana, kama XpressNet au LocoNet, na chombo kikubwa kinachofahamu lugha hiyo hiyo kikija baadaye, kidogo hubaki kuwa usukani wa pili. Hivyo mtu hahitaji kununua leo ukubwa wa miaka kumi ijayo.

Swali la nne lilihusu nguvu. Kichwa cha kisasa cha H0 aghalabu hutumia chini ya nusu ampea, basi chombo cha ampea mbili kilitosha kabisa kwa vichwa viwili, hata vitatu. Nguvu zaidi ya hapo ilikuwa fahari ya baba tu.

Baada ya maswali hayo uamuzi ulikuja wenyewe. Alinunua chombo cha mkononi pamoja na kisanduku chake cha umeme, akaongeza cha mkononi kingine kwa ajili ya mdogo. Vyote viwili, pamoja na kichwa kipya chenye dikoda yake, havikufika nusu ya bei ya chombo kile kikubwa. Katika vichwa vya babu kimoja kilikuwa na soketi ya matundu manane iliyotengenezwa kwa ajili ya dikoda, akaipachika mwenyewe. Vingine viwili vilikuwa vya kale mno, havina soketi, na kuvitia dikoda kungehitaji kulehemu waya. Aliviweka rafuni. Hakuvipandisha relini, kwa kuwa mota isiyo na dikoda ikisimama juu ya umeme wa dijitali hulia kama mbu, hupata moto na huweza kuungua.

Shida hazikukosa. Siku ya kwanza vichwa vilistuka-stuka na kusita, kana kwamba vinasikia nusu ya maneno. Baba alikagua reli, akafuta vumbi, akabadilisha waya, wapi! Mwishowe aliligeuza lile pande la reli lililokuwa likipokea umeme wa transfoma ya kale, akakuta tumboni mwake mna kapasita ndogo. Kapasita hiyo iliwekwa zamani ili kuzuia makelele ya redio, na katika mtindo wa kale haikuwa na dhara. Lakini katika mtindo mpya iliyameza maneno pamoja na makelele. Alipoiondoa vichwa vilinyooka. Transfoma ya kale nayo aliifunga katika kasha lake na kuipeleka stoo, maana ikiunganishwa na reli hizo hizo pamoja na chombo kipya, chombo kipya huharibika.

Shida ya pili iliwachekesha wote. Dada alizungusha kifundo chake, gari lake likaondoka, na la mdogo wake likaondoka vilevile. Mdogo alipiga kelele kwamba ugomvi umerudi. Sababu ilikuwa jina. Kila dikoda itokapo kiwandani hupewa anwani 3, na watu wawili walioitwa jina moja huitika pamoja. Basi ilipasa kila kichwa kitolewe, kisimame peke yake juu ya reli, kipewe jina lake. Baba alitaka kuvipa 101 na 102, kwa sababu alikuwa tayari amefikiria orodha ya baadaye. Akajizuia, akawauliza wenyewe. Dada alichagua 7, mdogo alichagua 5, kwa kuwa hiyo ndiyo miaka yao. Wakazibonyeza tarakimu kwa vidole vyao. Tangu wakati huo hapakuwa na swali kichwa kipi ni cha nani.

Jambo moja alilifanya kwa siri ya wazi. Dikoda ina vyumba vyenye namba, na kila chumba hukaa tabia moja ya kichwa: chumba cha 3 huamua upole wa kuondoka, cha 4 upole wa kusimama, cha 5 kasi ya juu kabisa. Alipunguza kasi ya chumba cha 5, akawaambia watoto kwamba ameipunguza, na kwamba wataipandisha siku watakapoweza kuzunguka mara kumi bila ya kuanguka. Mtoto akililia wembe mpe, walisema wazee; hawakumkataza mzazi kuutia butu kidogo kwanza.

Jioni ya kwanza binti aliondoa gari lake stesheni kwa adabu, akapita daraja la vitabu, akaongeza mwendo, akaongeza tena, na kwenye kona ya pili mabehewa mawili yakalala ubavu. Gurudumu la chuma liliziunganisha reli mbili, chombo kikakata umeme, na taa zote zikazimika. Mkono wa baba ulikuwa umekwisha kutangulia mezani. Ulifika nusu ya njia. Aliurudisha, akaupeleka nyuma ya mgongo wake, akaushika kwa mkono mwingine, akasimama namna ile ile aliyosimama binti yake dukani. Binti aliinua behewa la kwanza, likakataa kukaa. Aliinama, akaweka jicho usawa wa reli, akalikalisha gurudumu moja, kisha la pili. Alihitaji dakika sita kwa kazi ambayo baba angeimaliza kwa nusu dakika. Dakika hizo zilikuwa ndefu, na baba alizihesabu zote. Kisha mtoto alibonyeza kitufe, taa zikawaka, gari likaondoka polepole. Kwenye kona ya pili alirudisha kifundo kabla hajaambiwa na mtu.

Baada ya siku chache baba alimpigia simu kaka yake Tanga. Walipomaliza kujuliana hali, alimwuliza kama analikumbuka gari la waya.

"Nalikumbuka sana," alisema kaka. "Nilikuwa nikilichukua-chukua kila mara. Ncha za waya zile zilikuwa kali, bwana mdogo. Niliogopa zitakukata, tena niliogopa kuwaambia watu kwamba sikujua namna ya kuzikunja."

Miaka 34 ilikuwa imepita. Mdogo mtu alikuwa akidhani kwamba kaka alilipenda gari kuliko yeye, kumbe ilikuwa kinyume chake. Mapenzi yalikuwapo tangu mwanzo, ila yalikuwa yameshika usukani. Mzazi au kaka anyang'anyaye kitu mkononi mwa mtoto mara chache hufanya hivyo kwa uchoyo. Hufanya kwa hofu, au kwa hamu ya kuona kazi imefanywa vizuri, na hofu na hamu zote mbili ni watoto wa upendo. Hata hivyo mkono wa mtoto haujui asili ya kilichounyima. Unachojua ni kwamba uliachwa mtupu.

Wala haifai kusema kwamba mkubwa hana kazi. Kuitafuta kapasita, kuifunga transfoma ya kale, kupunguza kasi ya chumba cha 5, kukunja ncha kali za waya: hizo zote ni kazi zake, na akizifanya vema hazionekani. Baba huyo alijipimia mpaka ulio rahisi kukumbukwa. Kazi ya chini ya meza ni yake. Kazi ya juu ya meza si yake, mpaka aalikwe.

Alialikwa mwezi wa pili. Mdogo alikuwa amelala, na gari la mizigo lilikuwa limesimama bila ya dereva. Binti alimpa baba yake chombo cha mkononi cha nduguye, akamwonyesha kitufe cha kusimamisha, akamwonya asikimbie kwenye kona. Kisha alimwambia angoje stesheni mpaka gari la abiria lipite. Baba alingoja, taa zake zikiwaka.